Nilipanda jukwaani Katoro kuomba radhi kwenye mkutano wa siasa za staha, umati ukaitikia wimbo wangu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo na wa rika langu mambo zenu.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa miaka. Huwa napita, nacheka na comments zenu, naondoka. Leo naandika kwa sababu hili jambo limenikaa kifuani na hapa ninapoishi sina wa kumwambia.

Hii siyo chai. Kutunga ndiko kulikonifikisha hapa nilipo, sina hamu ya kutunga tena.

Majina yote nimebadilisha. Jina la mama mmoja nimelibadilisha kwa sababu maalum, mtaiona huko mbele. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu, sitamlaumu.

Twende.

Kwetu ni kijiji kimoja upande wa Samuye, Shinyanga Vijijini. Wazazi wakulima, ng'ombe wachache, viazi, pamba kidogo. Mimi toka mdogo nilikuwa naimba.

Kwa wasiojua mambo yetu Wasukuma: baada ya mavuno kuna ngoma za mashindano. Kuna pande mbili, Bagika na Bagalu. Wote mnacheza siku moja, uwanja mmoja, muda uleule. Hakuna jaji mwenye karatasi. Watu wenyewe ndio jaji, upande uliovuta watu wengi umeshinda, kila mtu anarudi kwake.

Sasa ili uwavute watu lazima umseme mwenzako. Unamcheka miguu, unamcheka ng'ombe zake zilivyokonda, unamsema hadi wakwe zake. Yeye kesho yake anakurudishia mara mbili. Hakuna anayekwenda kushtaki popote. Msimu ukiisha mnakaa pamoja mnakunywa na kubishana nani alimweza nani.

Yanayosemwa uwanjani yanabaki uwanjani. Mimi nimekulia humo. Naomba mlishike hilo.

Nilikuwa mwimbaji wa Bagika. Rafiki yangu wa toka darasa la kwanza, tumwite Masanja, familia yao nzima ni Bagalu. Kwao kulikuwa karibu na shule, kwa hiyo mchana nilikula kwao kuliko nilivyokula kwetu. Michembe, yaani viazi vilivyokaushwa, na karanga, maziwa ya mgando. Mama yake hakuwahi kuniuliza kwa nini nimekuja. Alikuwa ananipa bakuli.

Huyo ndiye Mama Masanja.

Mwaka fulani nilimwimba uwanjani. Niliimba kwamba ugali wake mgumu, mzee wake akitaka kukandika nyumba hana haja ya kwenda kuchimba udongo. Watu walikufa kwa kicheko. Mama Masanja alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akainuka, akatembea katikati ya uwanja, akafungua khanga yake ya juu akanifunga begani, mimi mtu wa upande wa pili. Bagalu wenzake walinuna siku nzima.

Ile khanga ninayo mpaka leo.

Basi ikafika kampeni. Masanja akagombea udiwani. Upande mwingine wakanifuata mimi nikaimbe kwenye gari lao la matangazo. Nilimwambia Masanja kabla. Akacheka, akasema, "Kapige kazi bwana, tutaonana baada ya uchaguzi."

Siku za mwanzo wimbo haukwenda. Watu walikuwa wanatikisa kichwa kidogo wanaendelea na shughuli zao. Meneja wa kampeni akaniambia wimbo wangu hauna pilipili.

Asubuhi yake nikakaa kwa mama ntilie, chai mbele yangu, natafuta mstari.

Wakuu, Mama Masanja alikuwa na macho mekundu. Amepika maisha yake yote kwa mabua na samadi kavu, jiko la ndani lisilo na dirisha. Mama zetu wengi wako hivyo. Na wote mnaotoka kanda ile mnajua mwanamke mzee mwenye macho mekundu huwa anadhaniwa nini. Mimi nilijua pia, sitajitetea hapo.

Nikaweka macho. Nikaweka na fisi, maana kwetu wanasema wachawi wanafuga fisi. Maneno yenyewe siandiki. Nawaambia tu jinsi ulivyojengwa: mimi naita jina lake, jina tu, nalivuta. Watu wanaitikia mstari mmoja wa macho na fisi, mwishoni wanapiga kofi moja. Rahisi kabisa. Hata mlevi anaushika mara ya kwanza.

Kichwani mwangu nilikuwa bado niko kwenye uwanja wa ngoma. Nilijua mama atasikia, atacheka mpaka akae chini. Nilidhani labda atanitafuta aniletee khanga nyingine.

Nilichosahau ni kwamba gari la matangazo halisubiri majibu. Uwanjani Bagalu wangenirudishia kesho yake, watu walewale wangesikia, tungelingana. Gari linaimba hapa, linakwenda kijiji cha pili, na huko hakuna anayemjua huyu mama wala ugali wake. Wanayajua macho tu.

Wimbo ukarekodiwa. Ukaingia kwenye vile vibanda vya kurushia nyimbo kwenye simu. Haikupita wiki nausikia kwenye bodaboda. Nilifurahi wakuu. Nasema ukweli, nilifurahi sana.

Masanja alishindwa uchaguzi.

Baada ya hapo ng'ombe wakaanza kufa pale kijijini. Bwana mifugo akaja, akasema ni ugonjwa, akautaja na jina, akaeleza na chanjo yake. Watu walimsikiliza kwa adabu. Lakini walikuwa tayari na maelezo mengine, na yalikuwa na mdundo.

Wakaanza kwa kuacha kumsalimia. Kwetu mzee akipita lazima umwamkie, hata kama mmegombana jana. Yeye alikuwa anapita njiani watu wanaangalia majani. Halafu kisimani. Akiweka ndoo yake kwenye foleni, wanawake wenzake wanaondoa za kwao, wanasimama pembeni kumsubiri amalize.

Halafu asubuhi moja alifungua mlango akakuta mbuzi wake wawili wamekatwa mapanga, wamelazwa pale mlangoni.

Wazee wa jadi, wale wanaosimamia sungusungu, walimwita wakamwambia hawawezi kumhakikishia usalama. Anayetoka kanda ile hahitaji kuelezwa mbuzi wale walikuwa na maana gani. Binti yake, Kwandu, anauza dagaa sokoni Katoro, kule Geita. Akaja akamchukua mama yake na begi moja.

Mimi wakati huo niko hukohuko Katoro. Nimepata kazi kwenye karasha, tunasaga mawe yanayotoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu. Niliposikia mama kaletwa mjini nikabadilisha njia yangu sokoni. Karibu mwaka mzima nilikuwa nazunguka nyuma kwenye mitumba ili nisipite mbele ya meza ya Kwandu.

Mwanaume mzima, nakimbia meza ya dagaa.

Sasa ndipo ukaja huu mkutano.

Viongozi wa dini, wachungaji na masheikh kwa pamoja, waliitisha mkutano mkubwa wa hadhara kuhusu siasa za staha. Vyama vyote vikakubali kuja. Kampeni ile iliacha vidonda vingi, ndugu hawasalimiani, watu wamehama vijiwe vya kahawa. Wazo lao lilikuwa zuri: waliotukana wenzao wasimame mbele ya umma, waombe radhi kwa midomo yao.

Mchungaji mmoja akanifuata karashani. Nilikuwa vumbi tupu, naonekana macho tu.

Akasema, "Wewe ndiye Jilala wa ule wimbo?"

Nikasema ndiye.

Akasema, "Yule mama anasali kwangu."

Nikakubali kupanda jukwaani. Ila kabla ya jukwaa ilibidi niende kwake kwanza. Ilinichukua siku tatu kupata miguu ya kwenda.

Nilimkuta mchana, uani kwenye chumba alichopanga Kwandu. Ametandika gunia, anachambua dagaa wa Nkome, anatoa mchanga na vikonokono. Nikasema, "Shikamoo, mayu." Mayu ni mama kwa Kisukuma.

"Marahaba, baba. Umekonda wewe. Umekula?"

Wakuu, nililia. Nililia pale mbele ya wapangaji wenzao, sikujali.

Hakunigombeza. Alinisubiri nimalize, anaendelea na dagaa zake. Halafu akasema:

"Jilala, mimi nataka kwenda kulima. Mvua zinakuja. Kaburi la baba yake Masanja limeota majani, sina wa kulifyeka. Wazee wa jadi walisema mdomo uliosema ndio ukanushe, mbele za watu. Kaseme ulidanganya. Hayo mengine nitamalizana nao mwenyewe."

Basi. Hilo ndilo alilotaka. Neno moja kutoka kwangu, arudi kwenye jembe lake.

Kwandu alikuwa anafunga mzigo, hakunitazama hata mara moja. Akasema, "Usiimbe lakini."

Nikasema siimbi.

Kanisa likatuma nauli kwa mzee wa jadi wa kijiji chetu aje asikie kwa masikio yake. Masanja tulimpigia simu. Akasema yeye haji kuchekwa mara ya pili. Nikaona amekuwa na roho ngumu. Nilimsema vibaya hata kwa Mchungaji.

Siku ikafika.

Uwanja ulijaa kuliko mkutano wowote wa kampeni niliouona. Fulana nyeupe zimeandikwa STAHA kifuani. Wauza miwa, wauza maji. Wachimbaji wameshuka kutoka maduarani na mabuti yao, maana ilivuma kwamba kutakuwa na ngoma. Jua la mchana, vumbi, spika kubwa pande nne.

Hotuba zilikuwa ndefu. Kiongozi mmoja aliongelea staha muda mrefu kweli, katikati akachomekea kwamba wapinzani wake staha wataitolea wapi na kwao hawakulelewa. Watu wakampigia makofi. Hakuna aliyeona tatizo pale.

Mama Masanja alikuwa mstari wa mbele, kwenye kiti cheupe cha plastiki. Wamemvalisha fulana ya STAHA juu ya gauni lake. Mikono mapajani. Kwandu kulia kwake, mzee wa jadi viti vitatu kutoka hapo na kofia yake na fimbo.

Mimi nilikuwa na karatasi. Niliandika vizuri, nikairudia chumbani mpaka nikaikariri. Nilianza na jina lake, kwa heshima. Kwetu huwezi kumwomba mtu radhi bila kumtaja, ukifanya hivyo unakuwa umeuomba radhi upepo.

Nilifikiria kila kitu siku zile. Nilifikiria nguo, nilifikiria nipige magoti wapi. Sikufikiria wimbo wangu unaanzaje.

Nikaitwa. Uwanja ukapiga miluzi. Nikashika maiki.

"Naitwa Jilala. Leo siimbi."

Wakacheka. Nikafungua karatasi.

"Mama Masanja..."

Uwanja ukaitikia.

Ilianzia kushoto, kule kwa wachimbaji, kufumba na kufumbua ni uwanja mzima. Mstari wote, na sauti yake, na lile kofi moja la mwisho nililowafundisha mimi mwenyewe.

Nikasubiri watulie. Nikasema, "Jamani hapana, nisikilizeni kwanza. Mama Masanja..."

Wakaitikia kwa nguvu zaidi. Vigelegele. Kina mama wenye fulana za STAHA wanapiga kofi palepale panapotakiwa. Nyuma yangu jukwaani nikaona kiongozi mmoja, mguu wake unagonga mdundo. Sidhani kama alijua.

Nikapaza sauti, "Nilidanganya. Yale maneno ni uongo, niliyatunga mimi."

Wakaona ni kionjo. Mmoja akapiga kelele, "Danganya tena!" Wakaangua kicheko.

Mchungaji akaninyang'anya maiki. Alikuwa amekasirika. Akasema, "Ndugu zangu, tumheshimu mama yetu. Tumpe heshima yake Mama Masanja..."

Wakamwitikia na yeye.

Alishusha maiki taratibu. Sijawahi kuona mtu mzima amepotea vile mbele za watu. DJ akawasha nyimbo za kwaya kufunika.

Muda wote ule nilikuwa namtazama mama. Hakuinama, hakujifunika uso. Alikuwa anaangalia mbele kama mtu aliyekaa kwenye foleni ya hospitali.

Niliposhuka nikamkuta ameshasimama, Kwandu amemshika mkono. Akanitazama.

"Sauti yako bado nzuri, mwanangu."

Akaondoka. Heri angenizaba kofi.

Nikamkimbilia mzee wa jadi nyuma ya jukwaa. Nikamwamkia, nikamwambia, mzee umesikia mwenyewe, nimekanusha.

Akasema, "Nimesikia. Wewe umekataa. Watu wote hawa wameitikia. Mimi nikaseme nini kijijini?"

Nikamwambia walikuwa wanacheza tu, mzee, hawa hata hawamjui.

Akaniangalia kwa huruma, siyo kwa ubaya. "Wewe ni ningi," akasema, yaani mtunzi wa ngoma. "Unajua nani huwa anaamua uwanjani."

Hilo nilikuwa nalijua toka mtoto.

Jioni ile picha za mkutano zilisambaa, watu wakasifia amani na mshikamano. Mimi nilirudi karashani kesho yake.

Mama Masanja hakwenda kulima. Kwandu alimnunulia miwani nyeusi sokoni, anaivaa hata akiwa ndani. Kanisani ameacha kwenda. Na amewaomba majirani wasimwite tena Mama Masanja, wamwite bibi tu inatosha. Fikirieni hilo wakuu. Mwanamke anaomba asiitwe kwa jina la mwanae wa kwanza. Na Masanja mwenyewe anajua kwamba mama yake amelikataa jina lake, na anajua ni kwa sababu ya nani.

Nilijaribu kurekebisha. Kwenye ngoma wimbo unauawa na wimbo mwingine, kwa hiyo nikatunga mpya. Nikamsifu, nikaeleza moshi wa jiko, nikaeleza khanga, nikajitukana mimi. Mzuri tu, siyo mbaya. Nikaurekodi nikapeleka kwenye vibanda vya kurushia nyimbo. Mwenye kibanda aliusikiliza nusu, akaniuliza, "Ule wa zamani hujautolea remix?"

Mwezi huu nimekwenda nyumbani kusalimia. Mvua zimeshika vizuri. Kutoka barabarani nikachukua boda, na njia inapita kwa Mama Masanja.

Mabati ya nyumba yameshaezuliwa. Nikaangalia shambani.

Kulikuwa na kundi la watu wanalima, wanaume kwa wanawake, wamejipanga mstari kama tunavyolima sisi, majembe yanapanda pamoja yanashuka pamoja. Jirani ameona shamba litageuka pori, akaita kikundi kimsaidie kulilima. Na kikundi kikilima lazima kiimbe, ndiyo jembe linaenda.

Mmeshajua walikuwa wanaimba nini.

Na unafaa kwa jembe wakuu, hilo siwezi kulificha. Lile kofi la mwisho linaangukia palepale jembe linapoingia ardhini.

Wakaniona. Mama mmoja aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto akaninyooshea mkono, anatabasamu, "Ningi, njoo utuongoze kidogo." Siyo watu wabaya wale. Nadhani wameshasahau kwamba wimbo unamsema mtu. Wanauimba wanalima shamba lake.

Nilimwambia dereva wa boda twende. Akaondoa pikipiki, na yeye anauimba chini chini.

Nilichojifunza ni hiki tu. Kabla hujamsema mtu kwenye maiki ya siasa, jiulize kama atapata nafasi ya kukujibu palepale, mbele ya watu walewale. Kama hana hiyo nafasi, nyamaza, hata kama unajua atacheka. Hata kama alishawahi kucheka.

Sasa naomba mawazo yenu. Humu kuna wanasheria, kuna watumishi wa Mungu, kuna watu wa muziki. Yule mama yuko hai, bado anauliza mvua zimefika wapi. Nifanye nini? Semeni chochote, hata matusi nayapokea, ni haki yangu.

Ila ombi moja. Najua wapo humu wanaotoka kanda ile, na wameshaushtukia wimbo wenyewe. Jina lake la kweli msiliandike. Na ule mstari wa kuitikia, tafadhali, msiuweke hapo chini hata kwa utani.